Eksirei ya tumbo haikuonyesha hewa, lakini utumbo ulikuwa umetoboka: nilipaswa kuisomaje?

Swali: Mimi ni tabibu katika hospitali ndogo magharibi mwa Uganda. Tuna mashine ya eksirei na mpiga picha mmoja, lakini hatuna daktari wa radiolojia, kwa hiyo filamu nazisoma mwenyewe. Hivi karibuni nilimpokea kijana aliyekuwa na homa kwa zaidi ya wiki mbili, ambaye maumivu yake ya tumbo yalizidi ghafla. Picha ya tumbo aliyopigwa akiwa amelala haikuonyesha hewa chini ya kiwambo, nami nikaridhika, nikamlaza wodini. Kesho yake tumbo lilikakamaa, tukampeleka hospitali ya rufaa, na daktari wa upasuaji akakuta tundu katika utumbo mwembamba. Kijana amepona. Je, picha ilinidanganya, au mimi sikujua kuisoma? Na nifuate utaratibu gani ninapokuwa na filamu ya tumbo mkononi na hakuna wa kumwuliza?

Jibu:

Ndugu tabibu,

Picha haikukudanganya. Kwa namna ilivyopigwa, haikuwa na uwezo wa kukujibu ulichouliza. Mgonjwa akilala chali, hewa iliyovuja kutoka katika utumbo hupanda juu, na kwa mtu aliyelala, juu ni nyuma ya ukuta wa mbele wa tumbo, karibu na kitovu, wala si chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Mionzi nayo hushuka wima kutoka mbele kwenda mgongoni, ikaipita hewa hiyo pamoja na kila kilicho chini yake, kwa hiyo ule ukanda mweusi uliopinda ambao sote tulifundishwa kuutafuta hauwezi kujitokeza. Kutouona katika picha ya mgonjwa aliyelala chali hakuthibitishi lolote. Nitalieleza jambo hili kwa urefu, kwa kuwa katika magonjwa yote ya tumbo ambayo eksirei hutumiwa kuyachunguza, kutoboka kwa utumbo ni miongoni mwa yale yanayoua upesi yakipita bila kuonekana.

Njia bora ya kutafuta hewa huru ni picha ya kifua, mgonjwa akiwa amesimama au ameketi wima, na wala si picha ya tumbo. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini sababu yake ni ya kawaida kabisa. Katika picha ya kifua, mionzi hupita mlalo karibu na usawa wa kiwambo, na kiasi cha mionzi kinachotumika ni kidogo, hivyo hata hewa ya mililita chache huonekana kama ukanda mwembamba mweusi kati ya kiwambo na ini. Katika picha ya tumbo ya mgonjwa aliyesimama, mionzi hulengwa chini zaidi, kwenye usawa wa kitovu, ikakifikia kiwambo kwa mshazari, tena kwa nguvu inayokifanya kile kieneo cha juu kiwe cheusi mno kusomeka. Sharti moja husahaulika sana: kabla ya kupiga picha, mgonjwa akae wima kwa takriban dakika kumi, maana hewa huhitaji muda wa kupenya kati ya matumbo mpaka ifike juu. Mgonjwa aliyeinuliwa kutoka kwenye machela na kupigwa picha papo hapo hajapigwa picha ya kusimama, hata kama filamu imeandikwa hivyo. Mwombe mpiga picha wako alijue hilo, na umweleze sababu yake, kwa kuwa mtu anayeelewa sababu hufuata utaratibu hata wewe usipokuwapo.

Mgonjwa asiyeweza kuketi, na wengi wenye peritonitisi, yaani uvimbe wa utando unaolifunika tumbo kwa ndani, hawawezi, alazwe kwa ubavu wa kushoto kwa muda uleule wa dakika kumi, kisha picha ipigwe kwa mionzi inayopita mlalo. Hapo hewa hupanda upande wa kulia na kukaa kati ya ini na ukuta wa tumbo, mahali ambapo kwa kawaida hapana hewa kabisa. Tunachagua ubavu wa kushoto kwa makusudi: angelala kwa ubavu wa kulia, gesi iliyomo ndani ya mfuko wa tumbo ingekuja juu na kutuchanganya.

Hata hivyo, picha ya mgonjwa aliyelala chali si bubu kabisa, na kama ndiyo pekee uliyonayo, itazame kwa subira. Mwaka 1941 daktari wa radiolojia wa Marekani aitwaye Leo Rigler alieleza dalili ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida tunauona ukuta wa utumbo kwa upande wa ndani tu, pale gesi iliyomo inapokutana na ute wa ukuta wenyewe, ilhali upande wa nje hupotea kwa sababu umezungukwa na tishu zenye rangi ileile. Hewa ikiwa ndani ya utumbo na nje yake pia, ukuta huonekana kwa pande zote mbili kama mstari mweupe uliochorwa kwa kalamu nyembamba. Tafuta mstari huo. Tafuta vilevile vieneo vyeusi vya pembetatu kati ya matumbo matatu yaliyokaribiana, weusi usio wa kawaida juu ya ini, na ile kano inayoshuka kutoka kwenye ini kuelekea kitovuni, ambayo huonekana tu ikiwa imezungukwa na hewa. Jihadhari na jambo moja: matumbo mawili yaliyojaa gesi yakilaliana, kuta zao zinaweza kuiga dalili ya Rigler, kwa hiyo usiikubali mpaka uione katika sehemu zaidi ya moja.

Sasa turudi kwa kijana wako. Homa ya zaidi ya wiki mbili ikifuatwa na maumivu ya ghafla ya tumbo, hapa kwetu, ni homa ya matumbo iliyotoboa utumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Wewe uko magharibi, na wenzako wa muda mrefu huko bado wanakumbuka mlipuko wa miaka ya 2008 na 2009 katika Kasese na Bundibugyo, ambao ulishtua kwa wingi wa wagonjwa waliotoboka utumbo. Kampala nayo ilipata mlipuko wake mkubwa mwaka 2015. Kutoboka huku hutokea zaidi katika wiki ya tatu ya ugonjwa usiotibiwa ipasavyo, na tundu huwa katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, karibu na pale unapoungana na utumbo mpana. Sehemu hiyo kwa kawaida ina maji mengi na gesi kidogo, na wakati mwingine pazia la mafuta ya tumbo pamoja na matumbo ya jirani hulivamia tundu na kuliziba kwa muda. Ndiyo maana kidonda cha tumbo kilichotoboka hutoa hewa nyingi, homa ya matumbo huweza kutoa kidogo au isionekane, na kidole tumbo kilichopasuka mara nyingi hakitoi hewa yoyote inayoonekana. Hata kama ungepata picha ya kifua iliyopigwa kwa utaratibu wote nilioueleza, ingeweza kuwa safi.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni kwamba hewa ikionekana inathibitisha, lakini isipoonekana haifuti kitu. Tumbo linalouma kila linapoguswa, misuli inayojikaza yenyewe, utumbo usiosikika ukiweka stetoskopu, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na presha inayoshuka ni ushahidi wenye uzito kuliko filamu yoyote safi. Mgonjwa wa namna hiyo aanzishiwe dripu, awekewe mpira wa puani wa kutoa maji ya tumboni, apewe antibayotiki, na safari ya rufaa ianze kupangwa kabla hata filamu haijakauka. Wala usimpeleke mgonjwa mahututi katika chumba cha eksirei ambako hakuna wa kumhudumia presha ikishuka. Picha ya kumtibu mtu aliyefia kwenye meza ya picha haina faida kwa yeyote.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuona hewa na kumpasua mtu asiye na tundu. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hubaki na hewa kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kwa hiyo uliza na utazame kovu. Kiputo cha mfuko wa tumbo hukaa chini ya kiwambo cha kushoto kwa kila mtu, nacho kina ukuta mnene kuliko kiwambo peke yake. Kwa baadhi ya watu, kitanzi cha utumbo mpana hujipenyeza kati ya ini na kiwambo cha kulia, kikaiga hewa huru vizuri sana; ukitazama kwa makini utaiona mikunjo ya utumbo ndani ya weusi huo, na mgonjwa mwenyewe huwa hana tumbo lililokakamaa.

Kuhusu utaratibu wa kusoma, kila mtaalamu ana wake, na sidai kwamba wangu ni bora. Ninachodai ni kwamba uwe na mmoja na usiuache hata unapokuwa na haraka. Mimi huanza na jina, tarehe na saa, kisha alama ya kulia na kushoto, kisha mkao wa mgonjwa. Mkao usipoandikwa, mpigie mpiga picha umwulize kabla hujatoa hukumu yoyote. Halafu hutazama filamu imeanzia wapi na kuishia wapi. Picha ya kulala inapaswa kufika chini mpaka kwenye kiungo cha mfupa wa kinena, kwa sababu ngiri iliyonasa hujificha hapo, na filamu iliyokatwa juu ya nyonga imeficha sehemu ambayo huenda ndiyo yenye ugonjwa. Kwa mtu mrefu, hilo linahitaji filamu mbili.

Eksirei ya kawaida hutofautisha vitu vitano tu: gesi ambayo ni nyeusi, mafuta ya kijivu cheusi, tishu laini na maji ambavyo vyote viwili vina kijivu kilekile cheupe, mifupa na chokaa ambavyo ni vyeupe, na chuma kilicho cheupe kupita vyote. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii mwaka 1895, tumeboresha mashine na kuhama kutoka filamu kwenda dijitali, lakini idadi hiyo ya vivuli haijaongezeka. Zingatia kwamba damu, usaha, mkojo na nyama ya ini vina kivuli kimoja. Picha hii haiwezi kukuambia kwamba tumbo lina usaha. Inaweza tu kukuonyesha matumbo yaliyosukumwa kando na kitu fulani.

Gesi ndiyo inayobeba habari nyingi, kwa hiyo ifuate kwanza. Jiulize iko wapi, ina upana gani, na mikunjo iliyomo ni ya utumbo upi. Utumbo mwembamba hukaa katikati ya tumbo, na mikunjo yake imekaribiana na hukata upana wote kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Utumbo mpana huzunguka pembeni, mikunjo yake iko mbalimbali na mara nyingi huishia katikati bila kufika upande wa pili, na ndani yake huonekana kinyesi chenye madoadoa ya gesi. Kwa vipimo, utumbo mwembamba usizidi sentimita 3, utumbo mpana usizidi 6, na sehemu ya mwanzo wa utumbo mpana, ile iliyo chini upande wa kulia, isizidi 9. Tumia rula, usikadirie kwa macho. Mimi huipa uzito mkubwa ile namba ya mwisho, kwa sababu utumbo mpana ulioziba hupasukia hapo mara nyingi kuliko mahali pengine, hata kama kizuizi chenyewe kiko mbali, upande wa kushoto.

Utumbo mwembamba ukiziba, utaona vitanzi vilivyotanuka katikati ya tumbo huku utumbo mpana ukiwa na gesi kidogo au hauna kabisa. Wengi huulizia mistari ya maji, yaani ule mpaka ulionyooka kati ya gesi juu na maji chini. Mistari hiyo haiwezi kuonekana katika picha ya kulala chali, kwa sababu ileile iliyoficha hewa ya kijana wako: mionzi lazima ipite mlalo. Na hata ikionekana katika picha ya kusimama, si kila mara ni ugonjwa wa upasuaji. Michache na mifupi hupatikana kwa watu wenye afya njema, na mtu mwenye kuhara kukali anaweza kuwa nayo mingi. Linalopaswa kukushtua ni utumbo uliotanuka, wenye mistari mirefu iliyo katika ngazi tofauti ndani ya kitanzi kimoja, kwa mgonjwa anayetapika na asiyetoa gesi wala haja. Uwe mwangalifu zaidi na tumbo lisilo na gesi kabisa. Vitanzi vilivyojaa maji matupu havionekani, na baadhi ya matumbo yaliyoziba vibaya zaidi, ambayo damu yake imekatika, hutoa picha ya kijivu tupu inayoweza kumfariji msomaji asiye na uzoefu.

Ukishaona utumbo mwembamba umeziba, weka filamu chini, mvue mgonjwa nguo, utazame kinena chake na makovu yake. Ngiri iliyonasa na mishikamano ya upasuaji wa zamani ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa, na zote mbili hupatikana kwa macho na mikono kwa muda mfupi kuliko wa kuandika fomu ya picha nyingine.

Kuna ugonjwa mmoja ambao filamu ya kawaida huuonyesha kwa ufasaha mkubwa, nao ni wa kwetu hasa: kujisokota kwa kitanzi cha mwisho cha utumbo mpana, kile kiitwacho sigmoidi. Katika nchi za Afrika Mashariki ni sababu kubwa ya kuziba kwa utumbo mpana, na mgonjwa wa kawaida ni mwanamume ambaye tumbo limevimba kupita kiasi, huku maumivu yakiwa madogo kuliko ukubwa wa tumbo lenyewe. Kitanzi kilichojisokota huinuka kutoka kwenye nyonga mpaka karibu na kiwambo, kimepoteza mikunjo yake, na kuta zake mbili za ndani zilizogusana huunda mstari mnene mweupe unaopita katikati, kiasi kwamba umbo lote linafanana na mbegu ya kahawa iliyomenywa, lakini kubwa ya kujaza tumbo. Yeyote aliyewahi kuanika kahawa atalitambua mara ya kwanza. Mistari mitatu, miwili ya kuta za nje na ule wa kati, hukutana chini, kwenye nyonga upande wa kushoto, mahali pa msokoto. Gesi katika puru huwa imekosekana. Kama mgonjwa hana dalili za peritonitisi, utumbo huo unaweza kufunguliwa kwa kupitisha mpira kupitia njia ya haja kubwa chini ya uangalizi wa mwenye ujuzi, kisha upasuaji ukapangwa baadaye kwa utulivu; lakini dalili za peritonitisi zikiwapo, mpira usijaribiwe, apelekwe kupasuliwa.

Nikuombe umkumbuke pia ndugu mbaya zaidi wa ugonjwa huo, ambapo utumbo mwembamba na sigmoidi hufungana fundo. Si ugonjwa wa vitabuni tu hapa Uganda: mwaka 1967 daktari wa upasuaji J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 wa fundo hilo kutoka nchi hii, idadi ambayo sehemu nyingi za dunia zisingeweza kuikusanya. Katika filamu utaona mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, yaani kitanzi kikubwa cha sigmoidi na, wakati huohuo, utumbo mwembamba uliotanuka wenye mistari ya maji. Mgonjwa huanguka haraka, ndani ya saa chache, kwa kuwa damu ya matumbo mawili imekatika kwa pamoja. Ukiona picha hiyo mseto kwa mtu ambaye mapigo yake yanakwenda mbio, usijaribu mpira wa haja kubwa, na usisubiri asubuhi.

Watoto wana mambo yao, nami nitayapitia kwa haraka. Mtoto mwenye minyoo mingi ya mviringo anaweza kuziba utumbo, na minyoo huonekana ndani ya gesi kama kamba nyingi zilizoviringana. Wengi wao hupona bila kisu wakipewa maji na kupumzishwa utumbo, alimradi tumbo halijakakamaa. Utumbo uliojimeza, yaani sehemu yake moja imeingia ndani ya nyingine, kwa mtoto mchanga anayelia kwa vipindi na kutoa kinyesi chenye damu na ute, huonekana vizuri zaidi kwa altrasaundi, na filamu safi haiuondoi. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, usijaribu kutofautisha utumbo mwembamba na mpana kwa mikunjo, maana mikunjo bado haijakomaa. Aliyemeza kitu cha duara apigwe picha kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, na ukingo wa kitu hicho uchunguzwe kwa karibu: sarafu ina ukingo mmoja, betri ndogo ya saa au ya kichezeo ina duara mbili, moja ndani ya nyingine. Betri iliyokwama katika koo la chakula inaweza kuunguza ndani ya saa mbili, hivyo hiyo ni rufaa ya papo hapo. Plastiki na mbao hazionekani. Na kabla ya kumwita daktari wa upasuaji kwa mtoto mwenye homa na maumivu ya tumbo la juu, itazame ile sehemu ya chini ya mapafu inayoonekana pembeni mwa filamu, kwani nimonia ya huko huja na maumivu ya tumbo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Baada ya gesi, tafuta vyeupe visivyo vya mifupa. Mawe mengi ya figo yana kalsiamu na yanaweza kuonekana, ingawa madogo hufichwa na kinyesi na mifupa, na yale ya asidi ya yuriki hayaonekani kabisa. Ufuate mrija wa mkojo kwa kuanzia figoni, ushuke kwenye ncha za mifupa ya pembeni ya pingili za kiuno, upite mbele ya kiungo cha nyonga na mgongo, kisha uingie ndani kuelekea kibofu. Doa jeupe la duara lililo chini kabisa katika nyonga, lenye weusi katikati yake, mara nyingi ni chokaa katika mshipa wa damu wala halina madhara. Mawe ya nyongo ni kinyume cha mawe ya figo: takriban asilimia 10 hadi 15 tu ndiyo huonekana katika eksirei, kwa hiyo usiagize filamu kwa ajili yake. Ukuta wa kibofu uliozungukwa na mstari mweupe mara nyingi ni kichocho cha muda mrefu, na hilo ni la kuliandika kwenye faili hata kama mgonjwa alikuja kwa sababu nyingine. Kivuli cha misuli mikubwa ya kiuno, ambacho vitabu hukisifu sana, mimi sikitegemei peke yake, maana hukosekana upande mmoja hata kwa watu wazima wasio na ugonjwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani asipigwe kabisa. Picha moja ya tumbo humpa mtu takriban milisiverti 0.7 (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili), wakati ile ya kifua ni kama 0.02, hivyo tofauti ni zaidi ya mara thelathini, na sehemu zinazopata mionzi hiyo ni pamoja na mayai ya uzazi. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya Uganda ya mwaka 2008 imeliweka chini ya baraza lake suala la usalama wa mashine hizi, lakini hakuna baraza linaloweza kusimama kando yako unapojaza fomu. Maumivu yasiyoeleweka kwa mtu ambaye tumbo lake ni laini, kufunga choo, kuhara, shaka ya kidole tumbo, kutapika damu: katika hali hizo filamu mara chache hubadilisha matibabu, na mara nyingi hutoa faraja ya uongo kama ile uliyoipata. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, uliza kwanza tarehe ya hedhi ya mwisho na upime mimba, jambo ambalo lina faida maradufu, kwani mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ni miongoni mwa magonjwa ambayo picha ya tumbo haitakuonyesha kamwe. Altrasaundi, kama mnayo, haina mionzi, na itakuonyesha maji au damu tumboni, mawe ya nyongo, figo zilizovimba na utumbo uliojimeza, vitu ambavyo eksirei inavikosa. Skani ya CT huona takriban yote niliyoyataja hapa, ila iko mbali na wagonjwa wako, na safari ya kuifuata isimcheleweshe mtu ambaye tayari anahitaji kisu.

Mwisho ni fomu na simu. Fomu inayosema tu "maumivu ya tumbo" humfanya mpiga picha achague mkao kwa mazoea, yaani kulala chali. Andika unachokitafuta: "homa wiki mbili, maumivu ya ghafla, natafuta hewa huru, picha ya kifua akiwa wima dakika kumi, asipoweza basi ubavu wa kushoto". Na kwa kuwa hakuna wa kumwuliza karibu nawe, zoea kuwatumia wenzako wa hospitali ya rufaa picha ya filamu kwa simu, kwa utaratibu unaofaa. Itundike kwenye kisanduku cha taa au dirisha lenye mwanga sawa, zima mwanga wa kamera, simama wima mbele yake, upige filamu nzima pamoja na alama ya kulia na kushoto, kisha sehemu unayoitilia shaka kwa karibu. Ziba jina la mgonjwa. Chini yake andika umri, jinsia, siku za ugonjwa, mkao uliotumika, mapigo ya moyo, presha, na ulichokihisi ulipoligusa tumbo, maana bila hayo hata sisi tuliosomea kazi hii tunabaki kukisia. Kama tumbo limekakamaa, usingoje jibu la ujumbe huo. Gari liwe tayari njiani, jibu litamkuta mgonjwa mbele.